Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Pongezi kwa Kodi ya Makadirio

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kwa niaba ya mama lishe, mafundi cherehani na wenye magenge, sisi ambao siku ya bajeti tunaitwa wajasiriamali na siku zilizobaki tunaitwa "wewe, hebu sogeza hiyo meza". Nia yangu ni kupongeza.

Naanza na viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa Tanzania mwaka 2019. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kitu. Kutoka hapo hadi milioni 7, sheria inauliza: una kumbukumbu za mauzo? Mwenye nazo atalipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Asiye nazo, 100,000 bila mjadala.

Nikapiga hesabu. Mama lishe anauza sahani nane za wali maharage kwa siku, 1,500 kila moja. Asipofunga hata siku moja, mwaka unaisha na mauzo ya 4,380,000. Akiwa na daftari atalipa 11,400. Akiwa hana, laki. Lakini akifunga kila Jumapili akaenda kanisani, mauzo yanashuka hadi 3,756,000 hivi na hadaiwi hata thumni. Sikujua kama Wizara inajali ibada kiasi hiki. Waislamu wasinung'unike, Ijumaa nazo zinahesabika.

Utamu hauishii hapo. Aliyeuza 4,000,001 akayaandika anadaiwa senti tatu. Jirani yake mwenye mauzo hayohayo, ila hesabu zake ziko kichwani, anadaiwa laki. Wakifika wote milioni 7, wa daftari atalipa 90,000 na wa kichwani laki yake ileile. Yaani kutoandika kunamgharimu 10,000 anayeuza sana, na karibu laki nzima anayeuza kidogo. Ni busara: mnyonge afundishwe kuandika kwa kiboko, aliyemzidi atajifunza polepole.

Habari za faida sikuchoshi nazo, maana hata sheria haikuziuliza. Inatazama mauzo tu. Mkaa upande, mafuta ya kula yapande, hayo ni mambo ya mama na jiko lake. Akimaliza mwaka na hasara atakuwa ameilipia kodi kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ya Desemba imepangwa kwa huruma, katikati ya sikukuu na ada za shule, wakati kila mtu ana hela za kumwaga.

Wala hatujasahau vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya mwaka 2018. Mwenye mauzo chini ya milioni 4, asiyedaiwa kodi, alitoa 20,000 apate kadi ya kuonyesha kwamba hadaiwi.

Ombi langu ni moja. Anayepewa namba ya mlipakodi (TIN) apewe na kaunta buku iliyokwisha kuchorwa mistari: tarehe, kilichouzwa, kiasi. Afisa akae naye nusu saa kwenye benchi lake, amwonyeshe inavyojazwa. Kama fungu la kalamu halipo, tutachanga. Hofu yangu ni kwamba tukijaza wote, ile laki itakosa mlipaji, na huenda mmekwisha kuipangia matumizi.

Wako mtiifu,
Mwenye genge

N.B. Daftari langu lipo. Ukurasa wa Februari mwanangu amechora basi. Naomba kujua kama kumbukumbu zangu bado ni kamili, au nilete laki.