Nyonga Kwanza

Mtu asikudanganye kwamba kupiga mpira wa besiboli ni kazi ya mikono. Ni kazi ya nyonga. Wazazi wote wanaosimama nyuma ya wavu kila Jumamosi hapa Columbus, Ohio, watakwambia hivyo kabla hujawauliza: hatua fupi, nyonga itangulie, mabega yafuate, mikono ije mwisho, kichwa kitulie tuli. Ukianza na mikono, gongo linapita kama unafukuza nzi. Mimi mtoto wa Tanga sikubisha. Nyonga tunaijua tangu kwenye ngoma za harusi. Kigeni kwetu ni gongo tu.

Mwanangu Idi ana miaka 11. Kwa ligi ya umri wake mrushaji anasimama mita 14 tu mbele yake, na mpira wa kilomita 80 kwa saa unamfikia kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo akumbuke kiwiko cha nyuma (kocha anasema juu, baba mmoja aliyewahi kucheza chuoni anasema chini), uzito, hatua, kichwa, na mimi, ambaye nilikuwa nimeshanunua kitabu cha Ted Williams. Huyu bwana, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, alichora eneo la kupigia likiwa limejaa mipira 77, akaandika juu ya kila mmoja angeupata kwa kiwango gani. Nilimweleza Idi mmoja mmoja garini. Alisinzia safu ya tatu.

Usiku tukaweka video yake kwenye runinga, mwendo wa polepole. Nikachukua mwiko wa ugali nimwonyeshe. Nyonga ikatangulia, mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho kabisa, ikaondoka na chupa ya chai.

Mke wangu akaja na tambara. Akafuta, akatazama runinga.

"Baba Idi, mbona mtoto anakimbia?"

Tukarudisha nyuma. Lo! Sisi tunapima kiwiko, kumbe mpira haujatoka hata mkononi mwa mrushaji, mguu wa kushoto wa Idi umeshaanza safari ya kwenda kituo cha tatu. Nyonga itazungukaje wakati mwenyewe anaondoka?

"Si ule mpira ulionipiga mbavuni," Idi akasema, macho chini.

Dawa ya woga huo ni mipira ya tenisi: unamrushia mwilini kwa makusudi, ajifunze kugeuza bega la mbele na kuipokea mgongoni, mpaka mwili uzoee kwamba haufi. Kurusha akapewa Mama Idi, bingwa wa rede tangu shule ya msingi, ambaye halengi kwa huruma.

Jirani alipochungulia juu ya uzio, alimkuta mama anamtwanga mwanawe mipira, baba kasimama pembeni anapiga kelele, "Geuka! Mpe mgongo!" Nikamwona anapapasa mfuko wa simu. Nikamkimbilia nimweleze. Mama Idi hakuona sababu ya kusimamisha mazoezi, na mpira uliofuata ukanipata kisogoni.