Stendi ya Kukarabatia Baiskeli Nyumbani na Hasara Zinazoitangulia

Stendi ya kukarabatia baiskeli ni kifaa kinachoishikilia baiskeli juu ya ardhi ili magurudumu na pedali vizunguke huku mikono yote miwili ya mkarabati ikiwa huru, na wenye baiskeli wengi wa Songea huihesabu kuwa anasa ya mafundi mpaka siku ambayo baba mwenye nyumba wa kata ya Bombambili au Lizaboni anatangaza mbele ya familia kwamba hatalipa tena fedha ya pancha.

Njia ya kwanza kujaribiwa, kwa kuwa ni ya bure, ni kuipindua baiskeli isimame juu ya tandiko na usukani. Baiskeli ya Phoenix ya inchi 28, ambayo uzito wake ni takriban kilo 20, hubeba kengele juu ya usukani, na kengele hiyo ndiyo inayotangulia kufika chini, ikalia mara moja na isilie tena. Ekseli ya gurudumu inapofunguliwa, gololi, yaani vijipira vya chuma vinavyorahisisha mzunguko wa gurudumu kwenye ekseli hiyo, humwagika uani, ambako kuku hawazitofautishi na punje za mahindi, na katika mkoa unaolima mahindi kwa wingi kama Ruvuma kosa hilo la kuku linasameheka.

Wengine huining'iniza baiskeli kwenye kenchi za paa au tawi la mwembe. Kitu kilichofungwa kwa kamba moja, hata hivyo, huijibu nguvu ya spana kwa kuzunguka chenyewe badala ya kuiachia nati ifunguke, na pedali huwa katika kimo kilekile cha uso wa fundi. Mtoto wa kushikilia hugharimu soda, na hufaa mpaka wenzake wapite na mpira.

Itakumbukwa kwamba baiskeli hizo kubwa huja na stendi yake ya nyuma, ambayo huliinua gurudumu vizuri kabisa, ila imefungwa kwenye ekseli ileile inayopaswa kufunguliwa; mkarabati huligundua jambo hili nati ya pili inapolegea, gurudumu, stendi na keria vinapomshukia kwa pamoja.

Stendi za kigeni hutumia jiliwa, yaani taya mbili za chuma zinazobana bomba la baiskeli, na nyingi za bei nafuu zilibuniwa kwa baiskeli nyepesi za michezo, hivyo miguu yake myembamba huinama kwa heshima mbele ya Phoenix kabla ya kulala. Anayezionea fahari angefaa kujua kwamba waanzilishi wa Park Tool, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1963 na ambayo stendi zake hutumiwa na mafundi wengi duniani, waliunda ya kwanza kwa vyuma vilivyokwisha kazi, ikiwemo ekseli ya gari la Ford.

Vyuma vya namna hiyo havikosekani Songea, na tangu mji ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kupitia njia ya umeme ya Makambako, fundi wa kuchomelea hana tena kisingizio cha jenereta. Kinachotakiwa ni nguzo fupi ya bomba yenye kitako kizito, ishike fremu kwa chini pale mikono ya pedali inapokutana, na iwe nyembamba kiasi cha kuipisha mikono hiyo. Mteja aende na vipimo vilivyoandikwa, kwa sababu anayeonyesha kimo kwa kiganja hewani hurudi na nguzo inayomfika kifuani, ambayo haifai kwa baiskeli wala kwa kuanikia nguo.

Gharama ambayo haimo katika bei ya fundi huanza stendi inapofaulu, maana majirani huleta baiskeli zao jioni, kwanza kuiazima, kisha kuziacha hapo pamoja na maelezo ya ubovu, na hakuna namna ya adabu ya kumtoza jirani ambaye juzi alileta debe la mahindi mabichi.