Pikapu Haistaafu

Wapo wanaomsonga jirani yangu hapa Mikocheni abadilishe pikapu yake ya kuvuta magari mabovu. Wivu tu. Ile Hilux ipo kazini tangu Barabara ya Mwai Kibaki ingali ikiitwa Old Bagamoyo. Forodha hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu. Hii ilishuka bandarini ikiwa kijana, ikazeekea nyumbani, haijalipia hata kunyanzi moja. Mlango wa dereva umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kufuli la nini? Juzi ilikwenda Mwenge kuinasua Vitz. Jioni zikarudi zote mbili nyuma ya Fuso la mchanga, Vitz katikati, imetulia kama bibi harusi. Nani mwingine humsindikiza mteja hivyo? Muuza spea wa Gerezani keshamfikisha mwanawe wa kwanza chuo kikuu. Huyu wa pili mnataka asomeshwe na nani?