Kahawa ya Kutembea Nayo

Mmarekani akiagiza kahawa hupewa ndoo yenye kifuniko, akaondoka nayo: garini, ofisini, hata mazishini, Mungu amsamehe. Mwitaliano husimama kaunta, akashushiwa kikombe cha mafunda mawili, akanywa, akalipa, huyoo! Akiketi mezani bei mara nyingi hupanda, ndiyo maana miguu haimuumi.

Sasa Mmarekani wetu na aingie baa ya kahawa ya Roma saa tisa alasiri, tambi bado zimemjaa tumboni, aagize kapuchino. Atapewa, maana pesa ni pesa, ila mhudumu atamkagua kuanzia kofia hadi raba. Maziwa juu ya chakula! Kwao hicho ni kinywaji cha asubuhi, na aliyechelewa kuamka ashike adabu.

Mwaka 1983 Howard Schultz wa Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani, alizuru Milan, akaziona baa za namna hiyo, akarudi kwao na wazo la kuziiga. Mwaka 2018 Starbucks ikafungua duka la kwanza Italia, Milan hapo hapo, ndani ya jengo la zamani la posta. Mwanafunzi kamfungulia mwalimu tuisheni. Na ada yake, jamani, inaizidi ya kaunta ya jirani.