Shangazi, Wewe Ungemkamata Kabla ya Matangazo



Shangazi, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokaririshwa shuleni. San Diego haijambo. Jua lipo, bahari ipo, na miti ya mapambo ya jamii ya mnazi imejaa barabarani, isiyozaa hata cha kuungia mchuzi. Kiswahili nakisikia dukani kwa Msomali hapa City Heights, kwa hiyo msiseme nimekuwa Mzungu. Na kubeba maboksi nimeacha. Sasa namtunza bibi mmoja, karani mstaafu wa mahakama, zamu ya usiku. Dawa saa tatu, chai isiyo na sukari saa nne, na katikati hapo ni televisheni. Ndiyo maana leo sikuletei habari za uchaguzi wala bei ya mayai. Nakuletea habari za mtoto mmoja wa kike mwenye mdomo, ambaye nikimtazama nakuona wewe.

Tamthiliya inaitwa "Veronica Mars". Ilianza Septemba 2004, ilitungwa na mtu anayeitwa Rob Thomas, na aliyecheza Veronica ni Kristen Bell. Walipigia picha huku huku San Diego, na shule inayoonekana humo ni ya sekondari ya Oceanside, kaskazini mwa hapa, ambako unafika kwa Coaster. Coaster ya huku ni treni, Shangazi. Hakuna konda anayekuambia usogee nyuma kuna nafasi.

Veronica ni mwanafunzi wa miaka 17. Mchana yuko darasani, jioni yuko na baba yake, Keith, katika ofisi ya upelelezi wa kukodi, wakifuatilia waume wanaoingia hoteli na wasiokuwa wake zao. Ofisi ya namna hiyo ikifunguliwa mtaani kwetu, foleni itafika stendi. Zamani Keith alikuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kupigiwa kura. Kisha akauawa Lilly Kane, rafiki kipenzi wa Veronica, na Keith akamshuku baba wa marehemu, tajiri wa programu za kompyuta ambaye ametajirisha nusu ya mji. Mji ukamgeuka. Wakampigia kura ya kumwondoa, mkewe akaondoka, marafiki wa binti wakahama meza. Akatokea mtu mwingine akakiri kuua, kesi ikafungwa. Veronica akabaki na baba, mbwa, kamera na ulimi.

Ulimi ndio sababu ya barua hii. Mtoto yule hasemi jambo likanyooka. Ukimdharau atakushukuru. Ukimtisha atakujibu kwa adabu ambayo hujui imekukata mpaka ufike nyumbani. Mwanzoni bibi alikuwa akisimamisha picha ili anieleze utani, akidhani Kiingereza changu kimekwama. Maelezo yakawa marefu kuliko utani wenyewe, na chai ikapoa. Nikamwambia, mama, Kiingereza kinanisumbua, lakini kijembe sifundishwi. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye hajawahi kugombana na jirani hata siku moja. Huanika kanga tu, maandishi yakielekea dirisha la mwenzake. Bibi akataka nimweleze kanga ni nini. Usiku ule hatukutazama chochote.

Nikupe mfano wa siku ya kwanza. Kijana mgeni shuleni, Wallace, amefungwa kwa utepe wa gundi kwenye mlingoti wa bendera, hana nguo. Kosa lake ni kwamba dukani alikokuwa akifanya kazi aliita polisi genge la pikipiki lilipoiba. Wanafunzi wamemzunguka, wanacheka, wengine wanapiga picha. Veronica anapita katikati yao na kisu, anaukata utepe, anaondoka. Baadaye inabidi amwokoe Wallace na kesi yenyewe, kwa sababu genge linamtaka asitoe ushahidi. Mkanda wa dukani umewekwa kituo cha polisi. Siku ya mahakama wote wanakaa kutazama vijana wakiiba, mkanda unawashwa, na anayeonekana ni askari mwenyewe, ndani ya gari la serikali, akipokea rushwa ya aina ambayo, Shangazi, si ya fedha. Mkanda umebadilishwa, na aliyepanga ubadilishwe amekaa pale pale kortini, uso mkavu. Mwalimu wetu wa fasihi alihangaika mwaka mzima kutueleza kinaya. Angetuonyesha dakika zile mbili tukaenda zetu nyumbani.

Lakini sikiliza majina, maana huko ndiko watunzi walikoweka chumvi yote.

Mji wanaouita Neptune haupo kwenye ramani. Neptune ni mungu wa bahari wa Warumi wa kale, na mji uko ufukweni, basi tuseme wamepatia. Mars naye ni mungu wa vita. Kwa hiyo ukimsikia mtu amehamia mji wa mungu wa bahari akiwa na ukoo wa mungu wa vita, usingoje kusikia kwamba anaishi kwa amani. Matajiri wa mji wanakaa kwenye anwani ya posta yenye namba 90909, na watoto wao wanaitwa kwa tarakimu za mwisho, 09. Kiingereza kinalitamka jina hilo karibu sawa na la wale waliofurika California kutafuta dhahabu mwaka 1849. Tofauti ni kwamba wale wa zamani walichimba wenyewe.

Mbwa wa Veronica anaitwa Backup, neno ambalo askari wa huku hulitamka kwenye redio wakitaka wenzao waje kuwaongezea nguvu. Veronica haendi pabaya bila kuongezewa nguvu. Nguvu yenyewe ina meno na mkia, na inaitika kuliko kituo kizima cha polisi.

Sherifu aliyempokonya Keith kiti anaitwa Lamb, mwanakondoo. Kuna sehemu imepewa jina "Silence of the Lamb". Kila Mmarekani anaisikia humo ile filamu ya kutisha ya mwaka 1991 ya wanakondoo walionyamaza. Wakaondoa herufi ya mwisho, wanakondoo wakawa mmoja, na ni huyu. Bibi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona Veronica akienda kituoni kuripoti kwamba amefanyiwa unyama kwenye sherehe, na mwanakondoo huyo akamkejeli mpaka akatoka analia. Tangu hapo nikajua kwamba watu hawa hawachezi na maneno kwa kuwa wameshiba. Veronica alijaribu kusema kwa kunyooka mara moja, mbele ya serikali, na akayaona matokeo.

Sasa njoo kwenye ile familia ya marehemu. Wanaitwa Kane. Yule aliyekiri kumuua Lilly anaitwa Abel, Abel Koontz. Wewe uliyesoma madrasa unawajua kwa Kabili na Habili, na jirani yako mama mchungaji anawajua kwa Kaini na Abeli. Kwa vyovyote, kila mtoto anajua nani aliua na nani aliuawa. Hapa wamepindua: eti Abel ndiye kamuua Kane. Kwa mtu mwenye masikio, jina peke yake lilitosha kusema kwamba ungamo lile ni la uongo. Na kweli, Abel alikuwa mgonjwa wa kufa, akakubali kubeba mauaji ili binti yake apate fedha. Sehemu moja wakaipa jina "Kanes and Abel's", wakalitundika fumbo mlangoni kabisa, na watu wakapita chini yake wakienda kutafuta ushahidi mwingine. Shangazi, wewe ungeuliza swali moja tu, "Na huyo muuaji mnasema anaitwa nani?", kisha ukaendelea kuchambua mchele.

Bibi, kwa upande wake, aliapa hatanitajia muuaji wa kweli. Alitimiza ahadi, ila kila mtu huyo alipotokea kwenye kioo alishikwa na kikohozi. Nikadhani ni kifua, nikampa dawa. Kifua kilikuwa kizima. Kwa hiyo nami sitakutajia jina lake. Nitasema tu kwamba ni mcheza filamu maarufu anayependwa na mji mzima, na kama hapo umemjua, mlaumu bibi.

Mcheza filamu huyo ana mtoto, Logan, kijana mwenye ulimi mkali kuliko hata wa Veronica. Ana gari, ana ufuo, ana dharau kwa kila mtu. Nilimchukia wiki nzima. Kisha ikaja sehemu moja ambayo baba mtu anamwambia aende akachague mkanda wa suruali. Kijana anafungua kabati. Mikanda imening'inia safu nzima, ya ngozi nzuri, ya bei. Anaipitisha vidoleni mmoja mmoja, taratibu, kwa uzoefu wa mtu ambaye hii si mara yake ya kwanza. Hasemi utani wowote. Bibi alizima sauti kabla ya kipigo, nami nikashukuru. Kuanzia usiku ule nilipomsikia Logan akikejeli watu sikusikia tena jeuri. Kijembe kile ni cha mtu aliyekatazwa kulia, na Veronica ni hivyo hivyo, ila yeye kakatazwa na mji mzima badala ya baba.

Kwa Veronica baba ni habari nyingine, na hapo ndipo mchezo wa maneno uliponimaliza. Keith akimkamata mtuhumiwa mkubwa hurudi anatamba, akimuuliza bintiye kwa Kiingereza cha majigambo: baba yako nani? Ni namna yao ya kusema "unamwona mzee wako?" Veronica anachukia kuulizwa hivyo, na mtazamaji anacheka. Msimu unasonga, kumbe mama aliwahi kuwa na uhusiano na yule tajiri Kane, na swali la utani linageuka swali lenyewe. Baba yake nani? Msichana anayewapima waume za watu kwa kamera anapeleka vipimo vya kumjua baba yake, na majibu yanapokuja anayatia kwenye mashine ya kukata karatasi bila kuyafungua. Baadaye Keith naye anapima, na mwisho wa msimu jibu linatolewa: ni wa kwake. Nilisimama nikapiga makofi, bibi akaniambia zamu yangu iliisha nusu saa iliyopita.

Kuna mambo siwezi kukufafanulia, Shangazi, kwa heshima. Ndugu wawili wa ukoo wa Casablancas, mkubwa anaitwa Dick, ambalo ni kifupi halali kabisa cha Richard, na pia ni neno lingine. Baba yao anaitwa hivyo hivyo, na wameongeza "Mkubwa" mbele. Muulize mjomba aliyefanya kazi melini. Ndugu mdogo anaitwa kwa utani Beaver, na sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, Mei 2005, iliitwa "Leave It to Beaver", jina la kichekesho cha familia cha miaka ya 1950 ambacho wazee wa huku wanakipenda. Yaani, mwachieni Beaver. Mwaka mzima watu wakamwacha, hakuna aliyemtazama mara mbili. Msimu wa pili ulipofika mwisho ikajulikana nani aliangusha basi la shule na wanafunzi ndani. Nisiseme zaidi, kikohozi kimenishika.

Tamthiliya ilifutwa mwaka 2007 baada ya misimu mitatu. Unadhani mashabiki walilia? Walichanga. Machi 2013 Thomas aliomba dola milioni 2 mtandaoni ili atengeneze filamu. Zikapatikana siku ile ile, na mchango ulipofungwa ulikuwa umepita dola milioni 5.7 kutoka kwa watu zaidi ya 91,000. Shangazi, huko nyumbani kamati ya harusi inakaa miezi na bado ukumbi haujalipwa. Na hii nayo ilikuwa kamati ya harusi, maana wengi walichotaka ni kuona Veronica na Logan wanakuwa pamoja. Filamu ikatoka 2014, wakawa pamoja. Tamthiliya ikarudi tena mwaka 2019, sehemu nane, na katika ya mwisho wakafunga ndoa. Bomu la ndani ya gari likamuua bwana harusi siku hiyo hiyo.

Mashabiki walikasirika mno. Mimi nawaonea huruma, lakini nawashangaa pia. Miaka 15 wamefundishwa kwamba katika mji ule kila sentensi ina ndani na nje, Abel hajaua, mwanakondoo anang'ata, baba yako nani si utani. Kisha wanaonyeshwa harusi wanaipokea kama ilivyo! Mtu aliyekulia barazani kwako angeona suti ya bwana harusi akauliza gari limeegeshwa wapi.

Mimi mafunzo yameniingia. Ujumbe wako wa juzi, ule wa kusema eti nisijisumbue kutuma chochote kwa sababu mnaishi vizuri sana kwa baraka zangu, na kwamba bati linalovuja linawasaidia kupata maji ya kuogea bila kwenda kisimani, nimeusoma mara ya pili nikiwa na masikio mapya. Fedha ya bati itaingia Ijumaa, na ya misumari.

Wako mtiifu wa ughaibuni.