Sifa za Primus kwa Primus

Wengine na wamsifu simba. Matajiri wa Ulaya na wawasifu askari wao wa bati, ambao H. G. Wells aliwaandikia kitabu kizima cha sheria za vita vya sakafuni, Little Wars, mwaka 1913. Mimi nasifu kizibo cha chupa. Tena si kizibo kinachopambana na cha bia nyingine, hapana: Primus kwa Primus, kwenye kibao cha dame, kivulini, hapa Bunia.

Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kibaoni wanakaa 40, ndugu wa bia moja: 20 huku wamelala kifudifudi, 20 kule wamelala chali. Hiyo ndiyo tofauti yao yote ya ukoo, chama na dini. Katika Ituri yetu, ambako kila kundi la bunduki lina herufi zake tatu nne na linaapa kwamba halifanani na jirani, ukweli wa namna hii hausikiki kila siku.

Walalamishi husema mchezo unachanganya. Naam, utamu ndio huo! Motari akipita kwa kasi, vumbi likitanda, mtu anamla askari wake mwenyewe na kushangilia. Na kuhama kambi hapa hakuhitaji kikao na waandishi wa habari kama kwa wanasiasa wetu. Ukucha mmoja unatosha kukipindua kizibo. Mwenye kucha ndefu achungwe.

Vyeo je? Askari akifika mstari wa mwisho anakuwa dame, na taji lake ni mwenziwe aliyekwisha kuliwa, anabandikwa kichwani. Basi akishavikwa maiti ya ndugu, anakata kibao kutoka kona hadi kona kama mkubwa kwenye gari la vioo vyeusi.

Ila sifa kuu ni kwa ajili ya aliyeshindwa. Hawezi kusema jeshi lake lilikuwa dhaifu, wala kwamba Kinshasa haikuleta silaha, wala kwamba adui alisaidiwa na nchi jirani. Wote walitoka kreti ileile. Kilichoshindwa ni kichwa chake, na watazamaji watamwambia hivyo kwa sauti. Nadhani ndiyo sababu wakubwa hawaonekani kibaoni.

Primus inapikwa Kongo tangu 1926, lakini vizibo bado hupotea. Ukifungua chupa, kinywaji ni chako, kizibo tuletee.