Akililia Wembe, Mpe wa Tano kwa Nane

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakusema apewe wembe gani, na hapo ndipo walipotuacha njia panda. Mtoto wa siku hizi ana miaka 43, ana kitambi na mkopo wa benki, na anachokililia ni ule wembe wa kukunja wa kwenye filamu za kauboi, ambao kinyozi huupitisha kooni mwa mteja huku wanazungumza habari za ng'ombe. Mimi nimekwisha kuulilia, nikapewa, na alama ipo chini ya sikio la kushoto. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza tafuta sababu ya kuwaambia watu. Ile ya kweli, kwamba unataka kujitazama kwenye kioo cha bafuni ukajiona mtu fulani, haisemeki mbele ya mke. Sema unabana matumizi. Eleza kwamba wembe wa kukunja hununuliwa mara moja na kurithiwa na wajukuu, ilhali hivi vya kutupa vinakula hela kila wiki. Usigusie mkanda wa ngozi, vinoo, brashi, bakuli la sabuni wala jiwe la shabu la kukatia damu. Hivyo vitafika vyenyewe, kimoja kimoja, kama wageni wa msiba. Mke wangu aliisikiliza hesabu yangu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Baba Asha, kwani kinyozi wa hapo chini amekukosea nini?"

Ukishindwa kulijibu, uko tayari kununua. Chagua kwa macho. Tafuta wembe wenye joka la dhahabu kwenye ubapa, mpini unaometameta, na kisanduku chenye kitambaa chekundu ndani. Bei iwe ya chini kiasi cha kukufanya ujione mjanja kuliko wauzaji wote. Wajuzi wa mambo haya hawakiiti kitu hicho wembe; wanakiita kitu chenye umbo la wembe. Kinakunjuka, kinakunjika, na kwa kufungulia bahasha hakina mpinzani. Ila chuma chake ni laini, au kimepinda, au vyote viwili, kwa hiyo ukikinoa leo mpaka Idd makali hayashiki. Changu kiko jikoni, kinaparua magamba ya changu na tasi, na hata huko kinalalamikiwa.

Ujanja ukikuishia utaanza kusoma, na kusoma kutakupeleka kwenye miji miwili: Sheffield wa Uingereza na Solingen wa Ujerumani. Sheffield ndiko Benjamin Huntsman, fundi saa aliyechoshwa na springi mbovu, alikofanikiwa katika miaka ya 1740 kuyeyusha chuma cha pua ndani ya chungu kikatoka sawasawa kote, bila sehemu ngumu hapa na laini pale. Mtu alitaka saa zake ziende vizuri, videvu vya dunia vikafaidi. Solingen nao jina lao wanalilinda kama mwali: tangu 1938 kuna sheria ya kuzuia jina hilo lisipigwe muhuri kwenye visu na nyembe zilizotengenezwa kwingine. Kwa hiyo ukiuziwa "Solingen" mpya kwa bei ya chipsi mayai, una haki ya kuinua nyusi.

Hapa nitaacha mzaha kidogo. Wembe mkongwe wa miji hiyo, uliolala kwenye droo ya babu wa mtu kwa miongo, mara nyingi ni bora kuliko mpya wa bei ile ile. Utazame kwenye mwanga. Makali yasiwe na pengo wala ufa. Kutu ya mgongoni ni mvi tu, ivumilie. Kutu iliyofika kwenye makali, uache wembe pale pale ulipo. Na kama mpini ni wa seluloidi ya kale, chunguza chuma kilicho karibu nao, maana seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma, na wembe hulika ukiwa umekunjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Upana wa wembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na hapo ndipo wanaume huharibikiwa. Wa nne kwa nane ni mwembamba. Wa nane kwa nane ni inchi nzima, shoka lililopelekwa shule. Mwanafunzi hushauriwa achukue wa tano kwa nane, yaani milimita 16 hivi, kwa sababu unageuka vizuri chini ya pua na kwenye kona za taya. Mwanafunzi huukataa, akiona haulingani na hadhi yake. Basi nunua wa saba kwa nane, uone unavyoziba kioo chote kila ukitaka kujua mdomo wa juu uko wapi.

Ubapa nao huchongwa kwa namna tofauti. Kuna nene kama kabari, na kuna zilizokwanguliwa pande zote mbili mpaka karibu na makali pamebaki wembamba wa karatasi. Hizi za pili huimba. Sikutanii: chuma chembamba hutetemeka kinapokata ndevu, na sauti unaisikia vizuri kwa kuwa sikio liko hapo hapo. Nawajua watu wazima walionunua wembe wa pili kwa sababu ulikuwa na sauti tamu kuliko wa kwanza. Kuhusu ncha, ipo ya mviringo na ipo ya mraba. Ya mraba ni ya kunyoosha mstari wa ndevu, na inataka mkono uliozoea. Anayeanza achukue ya mviringo. Mimi nilichukua ya mraba. Habari za sikio nimekwisha kuzieleza.

Kama unaishi Tanga, Mombasa au Unguja, fikiria chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hunoleka kwa urahisi zaidi na wengi hukisifu, lakini wanaokisifu hawaishi mahali ambapo chumvi ya mezani hugeuka uji kabla ya Ijumaa. Ukikitaka hivyo hivyo, kikaushe kila mara, ukipake tone la mafuta ya cherehani, wala usikiache bafuni.

Yote hayo, pamoja na joka la dhahabu, ni mapambo. Jambo lenyewe ni makali, na ndilo ambalo mnunuzi hasahau kuliuliza bali hajui kama linaulizwa. Wembe mpya mara nyingi hutoka dukani bila makali ya kunyolea. Anachokiita muuzaji ukali ni ukali wa kukatia nyanya. Muulize kama kuna mtu ameunoa kwa mkono, kwenye mawe, mpaka tayari kwa ndevu. Akikujibu kwamba ni mpya kabisa, hajakujibu. Mawe yenyewe hupanda ngazi: namba 1000 ya kutengeneza makali, 8000 ya kuyalainisha, 12000 ya kuyasafisha, na wenye nazo huagiza jiwe la rangi ya maziwa linalochimbwa kwenye milima ya Ardennes huko Ubelgiji. Usinunue hata moja kwa sasa. Tafuta mtu anayejua, umlipe.

Tena mkumbuke King Camp Gillette. Alikuwa mchuuzi wa kusafiri huko Marekani, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba asubuhi moja mwaka 1895 aliukuta wembe wake umekuwa butu hata mkanda wa ngozi hausaidii. Ulitaka fundi wa kunoa. Badala ya kumtafuta fundi akaanza kuwaza wembe wa kutupa. Mwaka 1903, ulipoingia sokoni, aliuza mipini 51 na nyembe 168. Yaliyofuata unayajua, umeyanunua dukani kwa Mpemba. Sehemu kubwa ya dunia iliuacha wembe wa kukunja kwa kuwa mtu mmoja alikwepa safari ya kwa fundi, na sasa wewe unapanga nauli ya kurudi kule kule alikotoroka.

Mkanda wa ngozi ununue wa bei ya chini kabisa, na huu si mzaha. Wembe husuguliwa mgongo ukitangulia, makali yakiburutwa nyuma, na ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo. Mwanafunzi huugeuza juu ya makali. Mkanda wangu una midomo sita, na wa kwanza niliufungua siku niliyoupokea, nikimwonyesha shemeji yangu jinsi inavyofanywa.

Kuna sababu moja ya haki ya kuutaka wembe huu, na ni ajabu kwamba haitajwi kwenye matangazo. Ndevu zetu za kipilipili hujikunja. Vile vya kutupa vyenye tabaka tatu au tano huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao ukiota hujichimbia nyamani, ndipo kidevu kinapojaa vipele. Makali mamoja, yaliyonolewa vizuri, yakifuata ndevu zinakolala, huukata juu juu na kuuacha. Kwa hiyo ningeweza kumjibu mke wangu tangu mwanzo. Nililijua jibu nikiwa nimekwisha kulipia mawe.

Asubuhi ya kwanza nililoweka ndevu kwa maji moto, nikapaka povu, nikanyoosha ngozi kwa vidole, nikaulaza wembe kwa digrii 30 kama inavyotakiwa. Shavu la kulia lilikwenda vizuri mno. La kushoto likadai mkono wa kushoto, au mkono wa kulia upite mbele ya pua, na maelezo yote niliyokuwa nimesoma yaliandikwa na watu waliokwisha kuvuka hapo. Nilijaribu njia zote mbili. Kisha nikajifunga taulo shingoni, nikashuka kwa kinyozi na nusu ya ndevu zangu.

Kijana yule hakucheka. Alichukua wembe mpya wa karatasi, akauvunja katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, akatia nusu kwenye kishikio na kumaliza kazi kwa muda usiozidi wimbo mmoja wa redio. Aliposikia habari za wembe wangu akaomba auone. Akaukunjua, akaujaribu kwenye unywele wa mkono wake, mara moja, mara ya pili.

"Shikamoo tena, mzee," akasema, akaukunja na kunirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha picha ya marehemu.

Kwenye benchi alikuwapo mteja aliyekuwa ananifuata kwa zamu. Alinitazama sikio, akautazama wembe, akavuta ile chupa ya maji na kuanza kujilowesha kidevu taratibu.